Tafadhali Tabasamu Tena

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikumbembeleza. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima watu kwa jicho, na siku niliyopelekwa kutambulishwa alinitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akamwambia mwanawe, "Mabega hayalingani." Ni kweli hayalingani. Lakini hayo ndiyo maneno ya kumpokelea mtu?

Nayasema haya mapema asije mtu akadhani kwamba nililolifanya nililifanya kwa wema. Nilikuwa nimebanwa, yeye naye alikuwa amebanwa, na waliotubana hawakuwa wanatujua hata kwa sura.

Mimi ni keshia wa benki. Nilikuwa, ngoja nizoee. Dirisha la pili, mkono wa kulia ukiingia, lilikuwa langu tangu sijaolewa. Nilikuwa na muhuri wangu, sifongo yangu ya kulowesha vidole, na mashine ya kuhesabia noti iliyokwama kila ilipokutana na noti iliyofuliwa mfukoni. Kwenye kioo palikuwa na matundu ya kusemea, na kupitia matundu yale nimesikia mambo ambayo hata majirani hawajayasikia. Watu wakija kuchukua pesa hukwambia za nini, hata kama hukuwauliza. Nilimjua anayejenga bila mkewe kujua. Nilimjua anayekuja kuuliza salio kila Jumatatu kwa sababu tu nyumbani hana wa kuzungumza naye. Nilikuwa pia na tabasamu langu la kazi, na hilo halikunisumbua. Mtu akisogea dirishani lilikuja lenyewe pamoja na maneno yake, "Karibu, nikusaidie nini?", hata kama asubuhi ile nimetoka nyumbani nikilia.

Kisha ikaja programu ya simu. Mwanzoni tuliicheka. Tulisema wateja wetu ni watu wa kushika noti na kuitazama kwenye mwanga, nani kati yao atakubali pesa zake ziwe tarakimu kwenye kioo? Vijana wakahama. Wenye maduka wakafuata. Foleni iliyokuwa ikifika hadi kwa mlinzi wa mlangoni ikawa ya watu wanaoenea kwenye benchi moja na nafasi ya mkoba ikabaki. Dirisha la nne likafungwa, likabandikwa bango la msichana anayeicheka simu yake. Likafuata la tatu, bango lile lile na msichana yule yule. Ukisimama katikati ya ukumbi ulikuwa unaona meno tu.

Siku moja meneja akatuita. Meneja wetu alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kunyoosha tai yake kila anapotaka kusema jambo baya. Siku ile aliinyoosha mpaka nikamwonea huruma.

"Makao makuu wanataka kila mteja ahamie kwenye simu," akasema. "Kila keshia atahamisha wateja wake. Atakayewamaliza wote ndiye atakayefikiriwa kubaki."

"Kubaki afanye nini," nikamuuliza, "wakati wateja wameshahama wote?"

Akanyoosha tai. "Kuhusu hilo tutapewa maelekezo."

Basi nikatolewa nyuma ya kioo changu, nikavishwa fulana iliyoandikwa mgongoni NIULIZE MIMI, nikasimamishwa ukumbini. Kazi yangu ikawa kuwafundisha watu namna ya kutonihitaji. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilichimba kwa bidii kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mteja anashika simu, simu inamwambia: tazama kioo, fumba macho, fumbua, tabasamu. Tabasamu lile ndilo ufunguo. Mashine inataka kuhakikisha kuwa iliyemwona ni mtu aliye hai, si picha iliyobandikwa na mwizi. Tangu siku hiyo, kila akitaka pesa yake, anaitabasamia simu nayo inamfungulia.

"Mwanangu," mzee mmoja aliniambia, "mimi hapa niliweka pesa. Sikuja kupiga picha ya harusi."

Nilicheka naye. Nikamhamisha.

Wateja wangu wakaisha mmoja mmoja mpaka akabaki mmoja tu, naye alikuwa analala chumba cha pili nyumbani kwangu.

Kiharusi kilimkuta mama mkwe akiwa kwenye cherehani, mguu ungali kwenye kanyagio. Wakati huo alikuwa anaishi peke yake, duka mbele na kitanda nyuma ya pazia. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, alimleta kwetu. "Ni kwa muda tu, mpaka apate nafuu," akasema, kisha akapanda lori lake akaenda zake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mume wa mbali haamui ugomvi. Tukabaki wawili.

Mguu ulirudi. Mkono ulirudi. Ulimi ndio uliotangulia kurudi, kabla ya vyote. Uso tu haukurudi. Upande wa kushoto ulikuwa umelala, kope haifungi sawasawa, pembe ya mdomo imeshuka. Akicheka, upande mmoja ulicheka na mwingine ulikuwa unakutazama tu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia wiki ile ya kwanza. "Mimi langu nimekuja nalo." Na kweli, alikuja na cherehani yake, akaiweka sebuleni penye mwanga, mbele ya televisheni yangu. Ilianza kulia kabla jua halijatoka. Alisema mapazia yangu yameshonwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Alisema mchuzi wangu una maji ya kutosha kuogeshea mtoto. Mimi nilikuwa nikifunga milango kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika, naye alikuwa anasikia.

Jambo moja tu tulikubaliana bila kulizungumza: yeye alitaka kuondoka na mimi nilitaka aondoke. Akiba yake yote ya kushona ilikuwa benki, aliiweka kidogo kidogo kupitia dirisha langu, hata enzi zile ambazo tulikuwa tunasalimiana kwa sababu ya watu tu. Alikuwa anangoja nguvu zirudi vizuri apange chumba cha biashara chenye mlango wa barabarani na cha kulala kwa nyuma. "Siwezi kufia kwa mkwe," alikuwa akisema, tena kwa sauti, akijua nipo jikoni.

Nikampeleka benki asubuhi moja. Alivaa gauni lake la kutokea, akajipaka wanja jicho zima na jicho bovu. Nikamkalisha, nikamshikia simu yake mbele ya uso. Akatazama. Akafumba, akafumbua, mashine ikasitasita lakini ikakubali. Ikaandika: Tafadhali tabasamu.

Akatabasamu.

Tafadhali tabasamu tena.

Akatabasamu tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Upande wa kulia ukapanda. Wa kushoto haukutikisika.

Tafadhali tabasamu tena.

"Nimetabasamu!" akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Mwambie nimetabasamu!"

"Mama, haisikii."

"Basi ina faida gani?" Akaupandisha mdomo wa kushoto kwa kidole. Mashine ikaandika: Ondoa mkono usoni. Pale benchini mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Nikaona machozi yanatoka kwenye lile jicho lisilofunga, nami kwa mara ya kwanza nikaona haya kuvaa fulana ile.

Nikamfuata meneja ofisini. "Wenye nyuso zenye ugonjwa tunawafanyaje?"

"Suala lao linashughulikiwa," akasema. "Akaunti zao zinasimamishwa kwanza mpaka utaratibu utoke."

"Zinasimamishwa? Na wao wale nini?"

"Dada, sikuupanga mimi." Mkono ukaenda kwenye tai. "Lakini huyo ndiye wa mwisho kwako. Jitahidi."

Nilirudi ukumbini nina hasira za kuweza kung'oa bango. Nikamsogeza mama mkwe nyuma ya nguzo, karibu na mashine ya kutolea namba za foleni ambayo ilikuwa haitoi namba tena. Nilikuwa sijasema chochote. Yeye ndiye aliyesema.

"Weka uso wako."

"Mama, hairuhusiwi. Naweza kufungwa."

"Na mimi kuomba pesa ya chumvi kwa mwanangu kumeruhusiwa? Weka wako. Utaratibu wao ukitoka, utaniwekea wangu. Si wewe mwenyewe upo hapa benki?"

Neno hilo ndilo lililotuponza sote: si upo hapa. Na mimi niliamini kwamba nipo. Akaunti zetu wafanyakazi zilikuwa bado kwenye mfumo wa zamani, kwa hiyo mashine haikuwa imewahi kuniona. Nikaitazama. Nikafumba, nikafumbua, na lile tabasamu la dirisha la pili likaja bila kuitwa. Hongera, mashine ikaandika, na chini yake jina la mama mkwe wangu, na kando ya jina, uso wangu.

Jioni yake meneja alitangaza kwamba nimewamaliza wateja wangu wote. Walinipigia makofi.

Wiki za mwanzo ilikuwa mzaha. "Keshia!" alikuwa akiita kutoka sebuleni. "Lete uso wangu, nataka kununua uzi." Nilikuwa natoka nikipangusa mikono, naiangalia simu, natabasamu, uzi unalipiwa. Alikuwa ananitania kwamba kwa mara ya kwanza maishani ana uso usio na mikunjo, bahati mbaya tu mabega. Mimi nilimwambia akinunua zipu mbovu nitaununisha uso wake siku nzima.

Lakini mzaha ukizidi huota mizizi. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kumuuliza yeyote kabla ya kutumia chake. Sasa akitaka kitambaa, vifungo, au dawa, lazima nijue, lazima niwepo, na lazima niwe na furaha. Nikiwa kazini alikuwa anangoja. Nikirudi nimechoka alikuwa ananichungulia kwanza usoni aone hali ya hewa. Siku moja tuligombana juu ya kelele za cherehani, na baadaye akaja na simu. "Ngoja nimalize vyombo," nikamwambia. Sikuharakisha. Niliosha hata sufuria safi. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni mwa jikoni, simu ameishika kwa mikono miwili kifuani, namna wateja wanavyosimama kwenye foleni wasijue kama zamu yao itafika. Nilijisikia vibaya sana. Nikatabasamu haraka ili niyamalize.

Kuanzia pale akaacha kunitukana. Cherehani ikawa hailii mpaka niamke. Mapazia yakaonekana mazuri. Siku aliyousifu mchuzi wangu, mchuzi ule ule, nilijua nimemharibia kitu. Nilikaa na kijiko mkononi nikitamani aniambie una maji.

Kila baada ya siku chache nilimuuliza meneja kama utaratibu wa wenye nyuso zenye ugonjwa umetoka. Haukuwa umetoka. Kumwambia la kweli nilishindwa, kwa sababu kuweka uso wako kwenye akaunti ya mtu mwingine kuna jina moja tu benki, nalo ni wizi. Kuacha kazi nilishindwa, kwa sababu pale ndipo mahali pekee ambapo ningeweza siku moja kuurekebisha uso ule. Mama mkwe naye hakuweza kuondoka kwangu, maana angeondoka vipi auache uso wake? Mume wangu alipopiga simu na kuuliza, "Mnaendeleaje?" tulijibu kwa pamoja kwamba hatujambo. Alifurahi sana kwamba sasa tunapatana.

Siku tawi lilipofungwa, hakuna aliyelia. Tulifika asubuhi tukakuta mafundi wanang'oa vioo vya madirisha. Meneja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi bila tai, na kwa hilo tu nilijua.

"Ni sote," akasema. "Hata mimi."

"Na tuliowamaliza wateja?"

"Nyinyi ndio sababu," akasema taratibu, wala hakuwa ananilaumu. "Makao makuu wanasema tawi limefanikiwa. Hakuna tena mteja anayelihitaji."

Nikamuuliza juu ya utaratibu wa wenye nyuso zenye ugonjwa. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mtu aliyekufa zamani. Wanaume wawili walikuwa wanalibeba dirisha la pili kuelekea mlangoni, na kwenye kioo chake, karibu na matundu, niliona doa la mafuta ya paji langu, mahali nilipozoea kuegemea nikitaka kumsikia mteja mwenye sauti ndogo. Nikaiweka fulana kwenye mfuko, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Cherehani ilikuwa imefunikwa na kufungwa kamba. Alinipokea mlangoni, uso wake wa kulia unang'aa.

"Umewahi! Mungu mkubwa. Chumba kimepatikana. Kina mlango wa barabarani, kina na bomba. Mwenye nyumba anataka kodi yake leo kabla ya jioni, la sivyo anampa muuza makava ya simu. Lete uso wangu."

Nilifikiri nitabasamu kwanza, pesa iende, halafu nitakaa chini nilie kwa nafasi. Nikaishika simu. Nikatazama, nikafumba, nikafumbua.

Tafadhali tabasamu.

Nikavuta mdomo. Niliuona mwenyewe kwenye kioo cha simu, mdomo wa mtu anayeng'olewa jino.

Tafadhali tabasamu tena.

"Una nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Mwanangu, nimepima watu maisha yangu yote. Una nini?"

"Wamefunga tawi," nikasema. "Leo. Sina kazi."

Akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sindano. "Pole," akasema. "Pole sana, mwanangu." Na alikuwa anasema kweli, niliiona pole yake. Kisha mwenye nyumba akapiga kwenye simu ile ile niliyokuwa nimeishika, akaichukua akamjibu kwamba kodi inakuja, inakuja sasa hivi, akanirudishia, halafu akanitazama kwa namna ambayo bado naiona.

"Pole," akasema tena. "Lakini naomba utabasamu."

Nikajaribu. Mungu ananiona, nilijaribu. Nilimfikiria yule mzee wa picha ya harusi. Nilimfikiria meneja na tai yake. Nilitaka aende, nilitaka apate mlango wake wa barabarani na jeuri yake yote irudi. Wakati huo huo niliiona cherehani ile iliyofungwa kamba, na sebule yangu bila kelele zake, mume barabarani, mimi nyumbani mchana kutwa bila dirisha wala mtu wa kuniambia mchuzi una maji. Sikutaka abaki kwa kufungwa. Lakini sikutaka aende pia, na jambo hilo lilinishtua kuliko kufukuzwa kazi.

Aliona nashindwa. Akaamua kunisaidia kwa silaha aliyokuwa nayo. Akasimama nyuma ya simu, akanikagua kuanzia juu hadi chini, akakunja upande wa uso wake uliokuwa unakunjika, akasema, "Mabega hayalingani."

Kicheko kilinitoka. Kilinitoka kweli, na katikati yake kikageuka kilio, mdomo ukapinda huku, macho kule, kamasi, kila kitu. Nilipofungua macho, kioo cha simu kilikuwa chekundu. Kwa usalama wako akaunti imefungwa, kiliandika. Tafadhali fika kwenye tawi lako ukaonane na keshia.

Alinipokonya simu, akasoma polepole, midomo ikitembea upande mmoja.

"Umefanya makusudi?"

"Hapana, Mama."

"Hutaki niondoke, au hutaki nipate changu?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu baya, lakini sikuwa na jingine la kweli.

Akaniuliza kuhusu tawi jingine, lile la mjini. Nikamwambia lile lina mashine tu na kijana mmoja wa kupokea watu. Na hata akimpata mtu wa kumsikiliza, wataifungua akaunti, watatazama picha, watamtazama yeye, na swali la kwanza litakuwa: huyu ni nani? Mimi nitakwenda ndani, na pesa zake zitakuwa ushahidi mpaka kesi iishe. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Mwenye nyumba akapiga tena. Mama mkwe akaitazama simu ikitetemeka mezani mpaka ikachoka. Ikaita mara nyingine, hakuipokea. Nje, jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa pili wa ukuta, na wote wawili tulijua kwamba muuza makava ya simu ameshapata chumba.

Nikaenda nikakaa kwenye meza ya chakula. Nikasikia anajinyanyua. Nikasikia anafungua ile kamba ya cherehani, nikadhani anarudi kazini. Hapana. Alikivuta kigoda chake sakafuni, kikikwaruza, mpaka upande wa pili wa meza, akakiweka kinitazame. Akakaa. Akanyoosha gauni lake la kutokea magotini, akaweka mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, kama nilivyomwona akikaa kwenye benchi letu miaka yote ile.

"Simu imesema niende kwa keshia," akasema. "Haya. Nimefika."

Nilitaka kumwambia, Mama, usinitanie leo. Lakini mtu alikuwa amekaa mbele yangu anangoja kuhudumiwa, na mwili una mazoea yake. Mgongo ukanyooka. Nikafuta macho.

"Karibu, Mama," nikasema. "Nikusaidie nini?"

Na lile tabasamu la dirisha la pili, kamili, pande zote mbili, likaja lenyewe.

Alilitazama kwa muda mrefu. Aliitazama simu iliyozimika kati yetu, akanitazama mimi tena.

"Hilo hapo," akasema. "Lilikuwa wapi?"